Kelele Nilizomlisha Dada Yangu

Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mimi nasema zimzuie. Zimzuie kabisa... Kuna siku vyura hupiga kelele kwa sababu ng'ombe amewakanyaga.

Dada yangu wa tumbo moja alinishika shingo nyuma ya pazia jeusi la jukwaa. Mikono yake ilikuwa imelowa jasho. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na watu elfu nane, na umeme wa jukwaa ulikuwa umekatika.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Rudia."

"Nimekata mimi, Dada."

Vidole vikakaza. Nilimtazama machoni nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona humo tangu nizaliwe. Dada yangu alitaka nisiwepo duniani.

Nyie mliojaa kwenye maoni yangu tangu juzi, mkiniita mwenye wivu, mchawi, nyoka wa ndani ya nyumba, vuteni viti. Tamko la meneja mmelisoma. Sasa someni la kwangu.

Kuna mmoja ameandika eti nilitaka kuimba mimi. Ndugu yangu, mimi nikiimba bafuni hata maji yanakatika.

Bendi yetu mnaijua. Dada anaimba na kupiga gitaa, nyie mnamwita Radi. Mpiga dramu tunamwita Babu. Ana miaka ishirini na saba, ila upara hauna subira. Wengine wawili hawamo kwenye kisa hiki, waacheni wapumue.

Mimi ni fundi wa sauti za masikioni.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye kisa. Mwimbaji wa roki akipanda jukwaani huvaa vidude viwili vinavyoziba masikio, la sivyo atakuwa kiziwi kabla hajazeeka. Akishavivaa, hasikii kitu chochote duniani isipokuwa kile ninachompelekea mimi kutoka kwenye meza yangu, pembeni, nyuma ya pazia. Sauti yake, gitaa, dramu. Na kelele za watu, ambazo nazinasa kwa maiki mbili zilizotegwa ukingoni mwa jukwaa.

Kwa hiyo masikio ya dada yangu yalikuwa mikononi mwangu. Meneja hata jina langu alilisahau. Aliniita Masikio.

Sasa sikieni kosa langu, maana ninalo.

Ziara ya ng'ambo ilianza wakati wimbo wetu unapigwa hadi kwenye saluni za watu wasiojua neno moja la lugha yetu. Ukumbi wa kwanza ulijaa. Dada akaimba... kimya. Kumbe watu wa mji ule husikiliza kwanza. Wametulia kama wako kwenye mtihani, wimbo ukiisha ndipo wanapiga makofi kwa adabu.

Wakati wa mapumziko Dada alitapika kwenye ndoo.

"Hawanipendi. Sirudi pale."

"Wanasikiliza tu, Dada."

"Kimya kile si cha kusikiliza. Kile ni cha msibani."

Meneja akanivuta pembeni.

"Masikio, unayo rekodi ya ile shoo ya uwanjani, nyumbani?"

"Ninayo, bosi."

"Kelele za watu peke yake unaweza kuzitenga?"

"Naweza."

"Mwekee hizo. Asijue."

Nikamwekea. Uwanja mzima wa watu wa kwetu wakiliita jina lake, nikaumimina masikioni mwake kila wimbo ulipopanda. Dada akafufuka. Tukaenda miji sita namna hiyo, sifa juu ya sifa. Zile maiki za ukingoni nilizifunga upande wake. Nikabaki nazisikia mimi peke yangu.

Niliona namsaidia. Ni dada yangu, nyie mngefanyaje?

Mji wa saba haukuwa kama wa kwanza. Tiketi ziliisha hadi wakaongeza shoo ya pili, saa tisa mchana, na hiyo ndiyo ninayowasimulia. Ukumbi hauna viti sakafuni, milango yote iko nyuma. Dada alikuwa amejifunza sentensi moja ya lugha ya pale kutoka kwa dereva wa basi letu. "Sogeeni karibu." Aliifanyia mazoezi asubuhi mbele ya kioo, anacheka mwenyewe.

Wimbo wa nne, akaisema.

Wakasogea.

Mwanzoni nilisikia furaha. Halafu nikasikia kitu kingine.

Mtu mwenye furaha hupiga kelele ndefu, na huipiga pamoja na dramu, hata kama hajui muziki. Hizi zilikuwa fupi. Hazikufuata dramu. Zilikatika katikati, kama mtu anayeanza neno na kukosa pumzi ya kulimaliza.

Sikuelewa hata neno moja. Lakini vinyweleo vilinisimama mpaka kisogoni.

Nikasogeza pazia kwa kidole. Moshi, taa, migongo ya walinzi. Na chini ya kizuizi cha chuma, mkono mmoja umetokeza kati ya vyuma. Vidole vilikuwa vikijikunja na kujikunjua, vikijikunja na kujikunjua.

Halafu vikaacha.

Nikaishika redio.

"Bosi, watu wanabanwa mbele."

"Hao ni mashabiki, Masikio. Roki ndiyo hiyo."

"Hawapati hewa. Njoo usikie mwenyewe."

Alikuja. Nikamvisha visikizio vyangu. Alisikiliza, na nikauona uso wake ukibadilika. Kisha akavivua, akaviweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu ambacho hakukigusa.

"Zimebaki nyimbo mbili tufike mapumziko. Walinzi watawatoa."

"Nyimbo mbili ni dakika kumi, bosi."

"Unamjua dada yako. Ukimkatiza leo hapandi tena jukwaani, na ziara imekufa. Na wewe unapanda ndege leo hii. Toa mkono mezani."

Nyie, niliogopa. Niliogopa kwamba nimesikia vibaya na nitamuua dada yangu bure. Niliogopa zaidi kwamba nimesikia sawasawa.

Nikafanya kitu kimoja. Niliwazima watu wa nyumbani. Nikafungua zile maiki mbili, nikampelekea Dada kile kilichokuwa mbele yake, kama kilivyo.

Nilimwona kupitia upenyo wa pazia. Alisimama ghafla. Mdomo wazi, ubeti ukampita.

Nikasema, asante Mungu, amesikia.

Dada akainua kidole kimoja juu, akakizungusha.

Kila bendi ina ishara zake. Kwetu, kidole kikizunguka maana yake ni moja tu: rudisha ilivyokuwa.

Nikabonyeza maiki ya kuongea naye masikioni.

"Dada, ni mimi. Watu wanakufa mbele yako. Acha kuimba."

Kidole kikazunguka tena. Akafumba macho. Akaingia ubeti wa pili.

Ukutani, kando ya meza yangu, kulikuwa na swichi nyekundu ya kukata umeme wote wa jukwaa. Chuoni walitufundisha kwamba hiyo ni ya moto tu. Meneja aliona macho yangu yanakwenda wapi, akanidaka kiwiko.

"Masikio. Usithubutu."

Nikamng'ata. Ndiyo, msicheke, nilimng'ata mkono kama mtoto wa chekechea. Nikaivuta swichi.

Gitaa likafa. Sauti ya Dada ikafa. Babu akaendelea kupiga dramu peke yake, hana habari... kisha akachomoa kidude sikioni, na fimbo zikamdondoka.

Ndipo ukumbi mzima uliposikia. Watu elfu nane, kwa mara ya kwanza, wakawasikia wale wa mbele.

Babu aliruka chini na kuanza kuvuta watu juu ya kizuizi kwa makwapa, mmoja baada ya mwingine, kama anatoa magunia kwenye moto. Taa za ukumbi zikawaka. Nyuma wakaanza kurudi hatua moja, kisha mbili.

Walitolewa kumi na tisa. Wote wako hai. Wawili bado wodini. Mwenye ule mkono ni msichana, amevunjika mbavu tatu.

Nilikuwa nimesimama nahesabu machela wakati Dada alipokuja kunishika shingo. Babu ndiye aliyenibandua kutoka mikononi mwake.

Asubuhi yake, hotelini, meneja alileta karatasi. Bandeji mkononi, sauti ya upole. Iliandikwa hivi: hitilafu ilisababishwa na fundi; fundi anaomba radhi kwa msanii na mashabiki. Akaiacha mezani, akatoka.

Dada alikuwa ameketi kitandani, taulo kichwani.

"Saini, mdogo wangu. Yaishe."

"Kuna jambo nikwambie kwanza."

Nikamweleza yote. Rekodi, uwanja wa nyumbani, miji sita. Nililia mpaka kamasi. Nilitegemea kofi.

Akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Nilijua tangu mji wa pili."

"Ulijuaje?"

"Nilisahau maneno. Ubeti mzima. Watu wakashangilia vilevile, palepale. Hakuna watu wa hivyo duniani."

"Mbona hukuniambia?"

"Zilikuwa tamu."

Nilikaa chini.

"Basi jana nilipofungua maiki, ulijua ni watu kweli."

Akalivua taulo kichwani, akaanza kulikunja.

"Dada?"

"Nilijua kabla hujafungua." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Taa zilipogeuka bluu niliwaona. Kuna mmoja alikuwa ananiangalia mimi. Nikasema, nikisimama sasa hivi kile kimya kitarudi, na sitaimba tena maisha yangu yote. Nikasema nimalize huu mmoja tu."

Huu mmoja tu.

Nawaambia ukweli, jana yake niliogopa, lakini si kama nilivyoogopa asubuhi ile. Ukumbini niliogopa umati. Sasa nilimwogopa mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na miwili, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

"Hayo yabaki humu," akasema. "Saini."

Hayakubaki humo. Ninyi hapa mnayasoma.

Mama amepiga simu mara nne.

"Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu. Mwombe dada yako radhi. Radhi haina uzito."

"Mama, hii ina uzito wa watu kumi na tisa."

"Atanifia mwenzio. Hali chakula, haongei."

"Najua, Mama."

"Basi sema tu neno, hata kama si la moyoni."

Maneno yasiyo ya moyoni ndiyo yaliyotufikisha hapa. Nilimlisha dada yangu makofi ya uongo ili asiumie, na akayazoea mpaka ya kweli yakawa usumbufu. Wewe unayekaa karibu na mtu mkubwa, awe bosi, awe mume, awe kiongozi, awe nyota wako: siku unapoanza kumchujia anachosikia, usijidanganye kwamba unamlinda. Kuna mtu amebanwa kwenye vyuma mahali fulani, na sauti yake ndiyo uliyoizima.

Kosa la rekodi ni langu. Nilikwenda wodini na mkalimani, kitanda kwa kitanda, nikalisema kwa mdomo wangu. Wengine walinishika mkono. Mmoja aligeukia ukutani, na ana haki.

Lakini meneja, na mashabiki mliokosa nyimbo nane, na wewe Dada, kama unasoma: umeme niliukata mimi, nikiwa na akili zangu, na ningeukata tena.

Siombi radhi.