Nati Hukazwa Mara Mbili

Uhalifu uligunduliwa Jumanne, saa tatu asubuhi, nyuma ya mgahawa, Mama Mayai alipofungua buti ya kigari chake na kukuta hakuna yai hata moja lililopasuka.

Alifunua trei ya juu, akafunua ya chini. Mazima yote.

"Leo umeendesha au umeyabeba kichwani?" mpishi alimtania.

Mama Mayai hakucheka. Kigari kile kilikuwa kigumu nyuma kama benchi la mbao. Marehemu mumewe alikiongezea bamba moja la springi kila upande ili kibebe saruji, na tangu saruji iishe na mwenyewe aondoke, kila tuta lilimpiga mjane kiunoni na kumvunjia mayai. Asubuhi hii kilipanda tuta na kushuka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Aliinama, akachungulia. Mabamba mawili hayakuwapo.

Moyo ulimwuma. Mabamba yale mumewe aliyafunga pamoja na binti yao, miguu minne imechomoza chini ya gari, wakicheka mambo yao. Mume alikuwa amekwenda asikorudi. Binti alikuwa hai, lakini mwaka wa pili huu hakuwa amegonga mlango. Alifukuzwa na neno moja la mama yake: "Usirudi hapa na mikono hiyo ya grisi." Lilikuwa neno la hasira ya siku moja, binti alilibeba likawa la maisha. Tangu hapo, kila lango likilia, Mama Mayai huinua kichwa.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa Kobe kwa kuwa hakuwahi kuharakishwa na mtu.

"Kobe, jana nilishinda kwa mgonjwa, gari likabaki. Nani kaingia uani kwangu?"

"Mama, unaniuliza au unanikamata?"

"Nimeanza kwa kuuliza."

Mtuhumiwa alimtolea kigoda akae, kisha akajilaza chini ya kigari. Alikaa huko mpaka Mama Mayai akamgusa mguu kuona kama amelala.

"Nati zimesafishwa, zikatiwa mafuta," sauti ilisema. "Mabamba yaliyobaki yamepakwa grisi katikati. Huyu alitaka nyuma pawe laini, na amejua kupalainisha. Mama, inaniuma kusema, lakini hii si kazi yangu. Mimi sipangusi namna hii."

"Basi ni nani?"

"Sijui. Ila usikitembeze sana. Springi ikifunguliwa, gari likitembea kidogo vyuma hujipanga upya na nati hulegea. Hukazwa mara mbili. Fundi anayejiheshimu hurudi."

Mtuhumiwa wa pili alikuwa muuza vyuma chakavu, rafiki wa marehemu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akajishika mbavu.

"Shemeji! Mwizi gani huyo? Aingie jikoni kwako, atoe vipande viwili vya nyama chunguni, akoroge mchuzi, aonje chumvi, afunike, aende zake? Mimi ningeondoka na chungu. Hebu rudi ukatazame kwako vizuri."

Alirudi, akatazama. Nyuma ya stoo, katika pembe ambayo mumewe aliegemezea vyuma vyake visipate unyevu, mabamba mawili yalisimama yamefungwa kitambaa. Mgeni asingeijua pembe ile.

Alikwenda bombani kunawa vumbi. Hapo ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari ukingoni, wanapanda hadi kwenye kisahani cha sabuni. Aliinua kipande cha sabuni. Kilikuwa kimegandwa na chembe za sukari.

Katika nyumba ile watu wawili tu waliwahi kunawa kwa sabuni na sukari ili kutoa grisi. Yeye alikuwa akiwagombeza kila siku kwamba chai itatiwa nini. Mmoja wa hao wawili alimzika mwenyewe.

Alikaa ukingoni mwa bomba.

"Na nyinyi," aliwaambia sisimizi, "mngesema mapema."

Jumatano ni siku yake ya kliniki ya kiuno, na huenda kwa miguu, kigari kikibaki uani. Haijabadilika miaka mingi. Alificha ndala zake zilizokaa mlangoni, ionekane ametoka, akafunga madirisha, akaketi nyuma ya pazia. Saa nne ilipita, saa tano ikaingia. Alianza kujiambia kwamba wapo watu wengi wenye sukari.

Lango lililia. Hatua zilipita, jeki ikapandisha gari, na alipotoka, miguu miwili ilikuwa imechomoza chini ya kigari. Aliijua miguu ile tangu haijakanyaga chini.

"Unatuhumiwa," alisema, "kuingia uani kwa watu na kuiba ugumu wa gari."

Spana ilianguka.

"Mama? Hukwenda kliniki?"

"Mwenye kuuliza ni mimi. Kwa nini?"

Miguu ilijivuta ndani kidogo.

"Nilikuona sokoni. Ulishuka garini umeshika mlango kwa mikono miwili, kama ajuza. Sikulala. Jumatatu nikaja kugonga, hukuwapo. Nikasema nisirudi bure."

"Na leo umengoja nitoke."

"Leo niliogopa kugonga. Lakini nati hukazwa mara mbili, baba alisema. Nisingeziacha." Kisha kwa sauti ndogo, "Mikono ni ileile, mama."

Mama Mayai alikwenda jikoni. Aliporudi alikaa chini kwenye mchanga, kiuno kikilalamika, amepakata kopo zima la sukari, sabuni na kata ya maji kando yake.

"Itoe niione."

Mikono ilitoka, myeusi hadi vifundoni, mipana kama ya marehemu. Aliishika yote miwili, akaitia sabuni na sukari, akaanza kuisugua, kidole kimoja baada ya kingine, kama zamani alipomwogesha. Alisugua mpaka povu likawa jeusi.

"Umemaliza kukaza?"

"Bado moja."

"Iache."

"Mama! Utaua watu."

"Basi ikaze. Na mara ya tatu utakuja lini?"

"Hakuna mara ya tatu. Zikikazwa mara mbili inatosha."

"Hizo ni gari za watu," Mama Mayai alisema, bila kuiachia mikono. "Hili hukazwa kila Jumatano."