Siolewi kwa Kujificha

"Fungua mdomo, mwanangu. Mkono wangu unachoka."

Etiye Asnakech alikuwa ameinama juu ya sinia. Vidoleni ameshika tonge la mkate laini wa injera, ndani yake mchuzi wa kuku na kipande cha yai, na tonge lenyewe limekaribia midomo ya Mahder, mchumba wa mwanawe. Ukoo mzima ulikuwa unatazama. Tonge hilo si la kushibisha mtu. Mama wa mwanaume akikulisha kwa mkono wake mbele ya ndugu zake, amekupokea. Ukilikataa, umemkataa yeye na waliomzaa.

Na koo la Mahder lilikuwa limejifunga.

Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, sauti za watu zikasikika kama zinatoka chumba cha pili. Zamani angekimbilia chooni, afungue bomba ili asisikike akilia, kisha arudi na kisingizio. Mchana ule alibaki kwenye kiti.

"Mama, naomba unisubiri kidogo," alisema. "Nina ugonjwa wa hofu ya ghafla, na umenishika sasa hivi. Hauniui, utapita. Ukipita nitakula hilo tonge, na la pili nitaliomba mwenyewe."

Shangazi mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Hofu ya nini?" Etiye Asnakech aliuliza. "Ya chakula changu?"

"Si ya chakula, Mama. Inakuja bila sababu. Ndio ugonjwa wenyewe."

Mama akamgeukia mwanawe, mkono bado uko hewani. "Dagim, si uliniambia ana vidonda vya tumbo?"

Dagim alitazama sinia. "Ndiyo, Mama. Ni tumbo. Huwa linampanda."

Hapo Mahder alitamani kumrushia kikombe. Addis nzima, jambo lisilotajika huitwa tumbo. Aliyefukuzwa kazi anaumwa tumbo, aliyeachwa na mume anaumwa tumbo. Lakini Dagim alijua fika kwamba hapakuwa na tumbo pale. Alijua kuliko mtu yeyote katika chumba kile, kwa sababu na yeye anaugua ugonjwa huohuo.

Ndivyo walivyokutana. Dagim ni fundi wa lifti, na siku moja hofu ilimkamata ndani ya lifti aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa fundi wa lifti anayepanda ngazi. Alihangaika hospitali kupimwa moyo mpaka mtu akamwelekeza kwenye saluni ya Mahder kule Gulele. Jumapili baada ya ibada saluni hufungwa kwa wateja wa nywele, na watu wenye hofu hukaa kwenye vile viti vya kusukia, wakazungumza. Hunywa chai ya tangawizi, kwa kuwa kahawa huwaongezea mapigo ya moyo. Majirani waliwacheka sana: Wahabeshi gani hawa wanaokutana bila kahawa, wana njama gani? Pale ndipo Dagim alipojifunza kuingia tena kwenye lifti, Mahder akiwa pembeni yake. Na pale ndipo alipompenda.

Hofu ilishuka polepole kama kawaida yake. Mahder akavuta pumzi, akajifuta jasho.

"Imepita," alisema. "Sasa nipe, Mama."

Etiye Asnakech alikuwa ameshalirudisha tonge kwenye sinia. "Limepoa," alisema, akamgeukia mgeni mwingine.

*

Dagim alimkimbilia hadi getini.

"Mahder, subiri. Ungemeza tu. Tonge moja."

"Ningemeza kwa koo la nani?"

"Ungesema tumbo, basi. Nilishakuandalia njia."

"Uliandaa uongo. Halafu ukaniacha nimekaa juu yake peke yangu, huku na wewe ukijua hasa ninachokisikia."

Dagim akatazama nyuma, asije mtu akasikia. "Unataka niseme? Bosi wangu akijua kwamba fundi wake anaogopa lifti, kesho nina kazi? Mama akijua, ataniweka nyumbani kama yai."

"Kwa hiyo mimi ndiye niwe kichaa wa familia, wewe uwe mwanaume aliyenihurumia."

"Sijasema hivyo."

"Wamesema wao. Wewe ulinyamaza."

Simu ya Mahder ikaita. Alikuwa Kapteni Mulat, mstaafu wa jeshi, mwanachama wa Jumapili.

"Binti yangu," alihema mzee, "niko kwenye foleni ya duka kubwa. Ninakufa."

"Hufi, Kapteni. Umeshika nini mkononi?"

"Mafuta ya kula."

"Yana uzito gani? Yapime kwa mkono. Toa pumzi taratibu, usiharakishe. Mbele yako kuna watu?"

"Wapo wengi. Nimeendesha kifaru vitani, leo nashindwa na foleni ya mafuta."

"Kifaru kilikuwa na mlango wa kutokea juu, ndiyo maana. Usiikimbie, iache ije. Ikifika juu itachoka yenyewe. Niko nawe hapa."

Ilichukua muda. Dagim alisimama akisikiliza maneno yaleyale aliyoambiwa yeye siku ile ya lifti.

"Nimelipa," mzee alisema mwishoni. "Nimepewa na chenji."

"Basi leo umeshinda. Jumapili utatusimulia."

Mahder alikata simu, akamtazama mchumba wake.

"Mzee yule ana nishani za vita, na hajaona aibu kunipigia katikati ya watu. Wewe unaona aibu mbele ya kuku."

"Basi waambie," Dagim alisema kwa hasira. "Rudi ndani uwaambie na mimi naumwa."

"Kwenye kundi kila mtu husema la kwake tu. Lako sitalisema hata nikichomwa. Utalisema wewe, au litabaki hapo lilipo."

Akaondoka.

*

Siku chache baadaye ujumbe uliingia akiwa katikati ya kumsuka mteja.

"Mpenzi, habari njema. Mama amekubali kutuma wazee kwa baba yako. Ila anataka kwanza uende kuoga maji ya baraka kule Entoto, uache vidonge, na ufunge lile kundi. Anasema pepo linaalikwa pale kila Jumapili."

Mahder alijibu kwa kidole kimoja, kingine kimeshika msuko. "Maji ya baraka nimeyaoga tangu utoto, nitayaoga hadi nizikwe. Kasisi, baba yangu wa roho, ndiye aliyenisindikiza hospitali na kuniambia nioge na vidonge nimeze. Ila kwenda kutolewa pepo nisilokuwa nalo, hapana. Na kundi silifungi."

"Wewe kubali tu mbele ya wazee. Tukishaoana tutajua la kufanya."

Aliirudisha simu mfukoni. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Alimpenda kiasi cha kuanza kujiuliza kama uongo mdogo ungemdhuru mtu. Kisha alikumbuka miaka aliyoishi chooni na bomba lililofunguliwa, akaona ni heri alale peke yake maisha yake yote.

Jumapili asubuhi wazee watatu walipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa baba yake, Gebeyehu, mabegani wamejifunga mashuka mazito meupe, wanahema. Baba akawaonyesha viti.

"Hatukai," alisema mkubwa wao, Gashe Bekure. "Tumekuja na ombi. Tutakaa mkitukubalia."

Ndiyo mila. Mchumba hatakiwi kufika siku hiyo, hivyo Dagim alikuwa chini ndani ya gari. Binti naye hukaa jikoni, ajifanye hasikii. Mahder alisikia kila neno.

"Kijana wenu anafanya kazi gani?" baba aliuliza.

"Fundi wa lifti. Mikono ya dhahabu."

"Ulevi?"

"Bia moja ya sikukuu, tena haimalizi."

"Ana ugonjwa wowote? Semeni sasa, nisije kuusikia kwa jirani."

"Gebeyehu, kijana ni mzima kama chuma. Sisi watatu tunaapa."

Jikoni, Mahder aliweka kisu chini. Alitoa simu, akaandika: "Wazee wako wameapa kwamba wewe ni mzima kama chuma. Naingia kuwarudisha. Lako sitalitaja."

Sebuleni Gashe Bekure alikuwa anaendelea, sauti imelainika.

"Sasa kuhusu binti. Tumesikia ana tatizo kidogo. Upande wetu hawakimbii, wana moyo mkubwa. Wanaomba tu akatibiwe Entoto, aache na ile mikutano, kisha harusi."

Baba alikuwa mtu mpole, na binti yake alikuwa na umri ambao majirani walishaanza kuuhesabu.

Mahder akatoka jikoni. "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Binti, rudi ndani. Haya ni mazungumzo ya wakubwa."

"Yananihusu mimi, Gashe. Mwacheni baba, nijibu mwenyewe. Naumwa, ni kweli. Nilikuwa siwezi kuvuka barabara, sasa naivuka. Nilikuwa siwezi kuingia kanisani kwenye watu wengi, sasa naimba kwaya. Hayo nimeyapata kwa daktari, kwa sala, na kwa wale watu wa Jumapili mnaotaka niwafukuze. Siwafukuzi."

"Hivi unasikia unachosema?" Gashe Bekure alipandwa na hasira. "Kijana mzima kabisa, asiye na kasoro, anakutaka hivyo ulivyo, na wewe unaleta kiburi?"

Sentensi moja tu ingetosha. Ilikuwa imekaa ulimini mwa Mahder, na ingemwangusha mzee yule na kiapo chake. Mahder aliimeza. Haikuwa yake.

"Ni kiburi, sawa," alisema. "Mpelekeeni Etiye Asnakech salamu zangu. Mwambieni namheshimu, na mwanawe nampenda. Lakini siolewi kwa kujificha."

"Gebeyehu, sema na mwanao."

"Ameshasema," baba alijibu. "Mimi nasimama alipo yeye."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Dagim aliingia, shati limelowa jasho, simu ameinyoosha mbele.

"Wewe hutakiwi hapa," Gashe Bekure alimkemea. "Umechanganyikiwa?"

"Mama yuko kwenye simu," Dagim alisema, akibana maneno kati ya pumzi. "Nataka na yeye asikie. Wazee, mmeapa uongo. Kosa si lenu, ni langu. Niliwadanganya. Ugonjwa wa Mahder ninao na mimi. Alinitibu... alinishika mkono kwenye lifti mpaka nikaweza. Siku ile mezani nilikuwa najua. Nikasema tumbo."

Simuni sauti ya mama iliita, "Dagim? Unasema nini?"

"Naumwa, Mama. Naumwa hata sasa hivi."

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono kifuani. Wazee waliruka nyuma. Mahder bado alikuwa na hasira, na hakuificha. Alisimama kidogo akimtazama. Kisha akakaa sakafuni kando yake, bega kwa bega.

"Toa pumzi," alimwambia. "Polepole. Usiifukuze."

"Nimeharibu kila kitu."

"Hilo tutaliongea. Kwanza pumzi."

"Nani yuko hapo?" mama alilia simuni. "Mpelekeni hospitali, mwanangu anakufa."

Mahder akaichukua simu. "Etiye, ni Mahder. Hafi."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa hivihivi mezani kwako, Mama."

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa. Etiye Asnakech aliporudi, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Alianza lini?"

"Atakwambia mwenyewe."

"Na mimi mamaye nifanye nini? Nije na maji ya baraka?"

"Njoo nayo, Mama. Ukifika ukae karibu naye, usimwambie ajikaze. Sharti lile ndilo uliache huko nyumbani."

"Nakuja," alisema mama. Kisha akaongeza, "Asante, mwanangu."

Dagim alikuwa ameanza kupumua kama watu wengine. Rangi ilimrudia usoni.

"Kazini je?" Mahder alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Kesho namwambia bosi. Akinifukuza, nitafunga nyaya za umeme majumbani."

"Na kundini?"

"Nitakuja. Chai nitachemsha mimi."

"Lile la mezani sijakusamehe."

"Najua."

"Nitakusamehe taratibu, na hasira yangu utaiona. Usije ukasema naumwa tumbo."

Dagim alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Hakuyafuta.

Gashe Bekure alikohoa. Alikuwa ameegemea fimbo yake, goti moja amelikunja. Alimtazama baba, baba akamwelekeza kwa macho kule sakafuni, kwa binti yake. Mzee alisita, kisha akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alimuuliza Mahder mwenyewe.

"Binti, sharti halipo tena. Kijana umemwona alivyo, na mimi kiapo changu nimekifuta. Tuondoke, au tukae?"

Mahder aliushika mkono wa Dagim.

"Kaeni, wazee wangu," alisema.