Besi Iliyokikimbia Kiti cha Seremala

Seremala akirudi kutoka karakana alipangusa vumbi la mbao, akaketi kwenye kiti chake. Alikitengeneza mwenyewe. Alikiweka katikati kabisa ya sebule, maana baba mwenye nyumba hakai pembeni.

Siku hizi alikuwa na kipenzi kipya: sabufa, ile spika ya kisanduku inayotoa besi. Aliibana kwenye kona, ikagusa ukuta. Mkewe, ambaye ni mshonaji, aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi.

"Mbona besi haina nguvu?" Seremala alilalamika, akaongeza sauti.

"Haina nguvu?" Mshonaji alishangaa. Cherehani yake ilikuwa kando ya ukuta wa pili. "Huku mkasi unatembea wenyewe mezani!"

"Mke wangu nawe kwa chumvi!" Akaongeza tena.

Nyuma ya ukuta ule wenye sabufa alilala Nesi, jirani yao. Alifanya kazi usiku, akalala mchana. Siku moja alibisha hodi, kanga begani.

"Shemeji, punguza besi. Inaniingia mpaka kifuani."

"Nesi," Seremala akajibu, "hata mimi mwenyewe siisikii."

Maskini, alisema kweli tupu! Lakini Nesi aliona anafanyiwa kejeli. Aliondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata Mshonaji alimkuta akianua nguo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, nahama," Nesi alisema. "Jana kazini nilishika dawa ya mgonjwa mwingine. Mwenzangu asingeniwahi, sijui leo ningekuwa nasema nini. Usingizi sina. Vitu nimeshaanza kufunga."

Mshonaji alipolazwa hospitali, huyu ndiye aliyemuuguza. Alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Hakurudi hata kuvaa viatu. Alikwenda na kandambili zake moja kwa moja kwa fundi wa redio.

Fundi alikuwa mwanamke mcheshi, bisibisi sikioni kama kalamu. Seremala alimpokea kwa furaha.

"Afadhali umekuja! Sabufa yangu mgonjwa."

Fundi aliketi kwenye kiti, akasikiliza. Akaenda ukutani, akasikiliza. Akacheka.

"Sabufa nzima. Kiti ndicho kimekaa pabaya."

"Kiti changu?"

"Tulia, baba. Sauti husafiri kwa mawimbi. Ya filimbi ni mafupi. Ya besi ni marefu, mengine yanaipita sebule hii kwa urefu. Yanagonga ukuta, yanarudi, yanakutana. Mama, umewahi kutikisa karai la maji?"

"Kila siku."

"Maji yanapanda wapi?"

"Pembeni. Katikati yanatulia."

"Basi besi nayo hivyo hivyo. Pembeni inajaa, katikati inafifia. Baba anaketi katikati, haipati, anaongeza. Na kona ndiyo inayoivimbisha zaidi. Tena ukuta hauizuii kama unavyozuia maneno. Inapenya."

Seremala alimkumbuka Nesi pale mlangoni.

"Kumbe yule dada alikuwa anaumia," alisema. "Na mimi nikazidi kuongeza."

Aibu ilimjaa usoni. Mshonaji alimwonea huruma, maana mumewe si mtu mbaya, mbishi tu.

"Tufanyeje, fundi?" aliuliza.

"Kwanza kiti kisogee nyuma kidogo. Kisha sabufa tuipandishe kitini. Wewe baba, shuka chini, tambaa kandokando ya kuta, upande ulio mbali na jirani. Utakapoisikia besi vizuri, bila kuvuma, hapo ndipo pa kuiweka."

"Nitambae? Mimi?"

"Kwani magoti ni ya kupigia picha?" mkewe akamchokoza.

Seremala alitambaa, sikio chini. Sabufa ilimtazama kutoka kwenye kiti chake cha heshima. Mshonaji alicheka hadi akaketi sakafuni.

"Hapa!" Seremala alipiga kelele. Alikuwa chini ya cherehani.

Mshonaji aliacha kucheka. Mahali pale palikuwa na mwanga mzuri wa kushonea. Lakini alifikiria vitu vinavyofungwa upande wa pili.

"Shika huku," alimwambia mumewe. Wakaisogeza cherehani.

Fundi aliiweka sabufa pale, juu ya mpira mnene, ili isitikise sakafu. Akaisogeza kidogo kutoka ukutani, akapunguza sauti. Seremala aliketi, akafumba macho.

"Sasa naipata! Na sauti imepunguzwa!"

"Ila bado kuna itakayopenya," fundi alionya. "Jirani akilala, izime. Hakuna mpira unaoshinda hilo."

Jioni, kabla Nesi hajaenda kazini, Mshonaji alimfuata chumbani kwake. Maboksi yalikuwa yamepangwa mlangoni. Alimwomba aweke kiganja ukutani, naye akaweka chake kando.

Nesi alingoja. Uso wake haukuwa na tumaini.

"Haya," alisema, "mwambie shemeji awashe."

"Ameshawasha. Inapiga tangu nilipoingia."

Nesi hakuondoa mkono.

"Na kuanzia leo," Mshonaji aliendelea, "pazia lako likifungwa, sabufa inazimwa. Kasema mwenyewe. Anataka kuja kukuomba radhi, ila magoti yanamuuma."

"Magoti yamefanya nini?"

Mshonaji alimweleza yote, hata mkasi uliokuwa ukitembea mezani. Nesi alicheka huku anafuta machozi. Kisha alivuta boksi la kwanza kutoka mlangoni.

"Dada, nipe ule mkasi wako unaotembea," alisema. "Nifungue haya."