Isaya Ampikia Mama Mkwe

Kila Jumapili, Isaya na familia yake walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja mgahawani kunywa chai ya saa nne. Supu, chapati, soda. Nyumbani kwao Magomeni, mjini Mtwara, jiko lilibaki baridi.

Isaya alifanya kazi bandarini. Mkewe, Joyce, alikuwa mwalimu. Wote walitoka Njombe, nyanda za juu kusiko na minazi. Hakuna aliyewahi kumwona Isaya ameshika mwiko, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja alimwambia mama mkwe kwa simu, "Mama, Jumapili mpishi ni mimi. Napika mihogo ya nazi mpaka majirani wanachungulia!"

Wiki mbili baadaye mama mkwe akashuka kwenye basi. Salamu hazijaisha, akasema, "Baba, nimeifuata mihogo yako."

Joyce alicheka mpaka akakaa chini. Isaya hakucheka. Aibu mbele ya mama mkwe haina dawa, jamani!

Jumapili ilipofika, Joyce, mama yake na mtoto wao Glory walikwenda ibada ya kwanza. Isaya alibaki na mihogo na nazi mbili. Alikuna nazi moja, akakamua tui zito. Akatia mihogo mibichi sufuriani, akamimina tui lote, akafunika, akachochea moto mkubwa. Kisha akakaa, ameridhika kabisa na nafsi yake.

Saa tatu kasoro robo akafunua. Tui lilikuwa limekatika. Maji huku, mafuta kule. Mihogo ilikuwa migumu, na chini imeungua.

"Hodi! Baba Glory, unachoma nini?"

Alikuwa jirani yake, Odete. Wazazi wake walitoka Msumbiji, naye alikulia kando ya mto Ruvuma, kwenye mihogo na minazi.

"Dada Odete, niokoe! Mama mkwe anarudi saa nne."

Odete alichungulia sufuria. Alitaka kumhurumia, lakini kicheko kilimshinda.

"Kwanza, mihogo hii ni mitamu au michungu?"

"Kwani ipo michungu?"

"Ipo! Hiyo haichemshwi hivihivi, ina sumu. Inalowekwa na kuanikwa kwanza. Ukinunua, muulize muuzaji."

Isaya alimpigia simu muuzaji mbio mbio. Ilikuwa mitamu. Akashusha pumzi.

"Sasa menya hiyo mingine iliyobaki, ioshe," Odete alisema. "Ichemshe kwa maji na chumvi mpaka ilainike. Kuna nazi nyingine? Ikune. Kamua tui zito, weka pembeni. Tia maji tena kwenye machicha, ukamue tui jepesi."

Mihogo ilipolainika, wakamwaga maji. Wakatia tui jepesi, kitunguu na nyanya. Likachemka.

"Tui zito linaingia mwisho," Odete alisema. "Punguza moto. Usifunike. Koroga taratibu, usiache, mpaka lichemke kidogo tu."

"Nikiacha?"

"Litakatika tena, na mimi nitakuwa nimeshakwenda kwangu."

Isaya alikoroga. Jasho lilimtoka, mkono ukamuuma, hakuacha. Tui likawa zito, laini, linanukia.

Saa nne mama mkwe aliketi. Alikula sahani moja. Akaomba ya pili. Isaya alikosa raha.

"Mama," alisema, "nilikudanganya. Sijawahi kupika. Dada Odete amenifundisha leo."

"Najua, baba," mama mkwe alijibu. "Mpishi wa kila Jumapili hawezi kuwa na machicha kwenye nyusi."

Joyce akaangua kicheko. Glory alikuwa ameshamaliza sahani yake, naye si mtoto wa kula. "Baba, Jumapili ijayo tusiende mgahawani," alisema.

"Hatuendi," Isaya alijibu. Safari hii hakuwa anajisifu.

Mama mkwe alisogeza sahani yake mbele kwa mara ya tatu.

"Nilikuja kwa wiki moja," alisema. "Lakini nimefikiri. Nitakaa Jumapili nne."