Kipande cha Shavu la Gorogo

Asubuhi Gorogo Daroa hakumsalimu mtu kabla hajatafuna. Alikaa barazani, kwenye nyumba yake ya nguzo juu ya maji pale kijijini Hanuabada. Alivunja popoo, ile kokwa ngumu ya kutafuna, kwa meno, akachovya kijiti cha tambuu kwenye chokaa, akakipachika pembe ya kushoto ya mdomo. Siku zote kushoto. Midomo ikawa myekundu, macho yakafunguka, na hapo ndipo mkewe, Hebou, alipoweza kumweleza jambo la maana.

Gorogo alikuwa mtu wa kujihadhari. Maganda ya popoo zake aliyachoma. Nywele alizonyolewa alizichoma. Kucha, vivyo hivyo. Mchawi, alisema, akipata masalio yako amekupata wewe. Kwa miaka mingi hakuna mchawi aliyempata. Chokaa ndiyo iliyompata.

Hebou aliligundua hilo mezani. Kwanza mumewe aliacha pilipili. Kisha akawa anaiacha supu ya samaki mpaka ipoe kabisa. Alipoulizwa, alisema imezidi chumvi. Hebou hakubishana. Alimwita Raka, mpwa wa Gorogo, muuguzi wa kliniki ya meno mjini.

Raka alikuja na tochi.

"Mjomba, panua mdomo."

"Hakuna kitu. Ni chokaa imeganda tu."

"Basi itafutika."

Akafuta kwa pamba. Haikufutika. Ndani ya shavu la kushoto palikuwa na baka jeupe, lenye wekundu katikati. Gorogo alikiri kwamba alikwisha kulikwangua kwa kijiko. Damu ilitoka, baka likabaki.

Raka hakumgombeza. Alieleza kwamba baka la namna hiyo si lazima liwe saratani, lakini linaweza kugeuka. Popoo yenyewe ina madhara, na chokaa huunguza ngozi laini ya mdomo. Madaktari waliowachunguza watafunaji waliona kuwa mara nyingi saratani huanzia palepale mtu anapoweka chokaa.

"Na wewe unaweka wapi?" Hebou aliuliza.

Kijiji kizima kilijua jibu. Gorogo akatazama bahari.

Raka alisema kwa macho peke yake hawawezi kujua. Watampiga ganzi, wakate kipande kidogo kama punje ya mchele, kikapimwe maabara.

"Kisu sikiogopi," alisema Gorogo. "Kateni. Lakini kipande narudi nacho nyumbani, nakichoma."

"Ukikichoma hatutajua una nini."

"Nikikiacha, kuna mwingine atakayejua pa kunipatia."

Hakuna aliyecheka. Raka alizaliwa hapohapo kijijini, naye kucha zake hakuzitupa ovyo.

"Basi njoo ukilinde, Mjomba."

Gorogo akaenda. Kipande kilipotumbukizwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuoza, alikifuata hadi maabara, shavu limejaa ganzi, kwa heshima ya mtu anayesindikiza gavana. Mtaalamu wa maabara, mama mmoja mnene aitwaye Idau, alimwonyesha kuwa kichupa kina namba, na mlango una kufuli. Alimweleza jinsi nyama inavyogandishwa ndani ya nta, ikakatwa vipande vyembamba mno, ikatiwa rangi. Gorogo aliomba kiti akae mlangoni. Idau alimwambia kazi hiyo haiishi leo, aende akale.

Juma lililofuata aliitwa tena. Idau alimwekea hadubini.

"Hizi ni seli, chembe zinazojenga mwili wako. Za juu zimejipanga vizuri. Hizi za chini zimeanza kusukumana."

"Ndiyo saratani?"

"Bado. Lakini ziko njiani. Baka likiondolewa sasa, nawe ukaacha popoo kabisa, una nafasi nzuri. Ukiendelea kutafuna, hatari ni kubwa."

Hebou, aliyekuwa amemsindikiza, aliposikia "bado," aliketi sakafuni.

Baka likaondolewa. Kuacha popoo kukawa kazi kubwa kuliko kisu. Siku za mwanzo Gorogo aligombana na mlango, na ngazi, na hali ya hewa. Hebou naye akaacha, ili nyumba isinuke kishawishi. Mumewe akatafuna nazi kavu. Shavu likapona, akaila supu yake ya moto, akaongeza.

Aliporudi kuangaliwa, Idau alikuwa na ombi. Watafiti wangependa kukihifadhi kile kipande, bila jina, wakilinganishe na vya wengine, wajifunze kutambua mapema ni baka lipi litageuka. Ana hiari ya kukataa, na matibabu yake hayatabadilika.

Gorogo akauliza vipande vya wengine viko wapi. Idau akafungua kabati. Droo juu ya droo, vibonge vya nta vimepangwa, kila kimoja na namba yake.

"Hawa wote walitafuna?"

"Karibu wote. Na wengi walikuja wamechelewa."

"Basi changu kiache humo," alisema Gorogo. "Wawe na mmoja aliyewahi."