Nyasi Hazisemi

Kila jioni kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia nyumbani, na wavulana wa timu ya raga walikimbilia uwanjani kwenda kuumizana. Hilo ndilo neno linalofaa. Mwalimu wa michezo aliyaita mazoezi, lakini ukisimama kando ya mstari ulisikia mbavu zikigongana, pumzi zikikatika, na mtu akitema mchanga uliochanganyika na damu. Aliyetoka na nguo safi alichekwa kwamba alikuja kutembea.

Mkali wao aliitwa Tinga, kifupi cha tingatinga. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne na mabega ya mbeba magunia. Akishika mpira, hakupita kando ya mtu kama kulikuwa na uwezekano wa kupita juu yake. Wavulana wa shule nyingine waliulizana kwanza kama Tinga anacheza, ndipo wakauliza mechi ni saa ngapi. Kwa nguvu zake shule ilikuwa imefika fainali kwa mara ya kwanza, na fainali yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Sifa hizo zilimlevya. Hata mpishi wa shule, mama mwenye sauti ya kuamrisha na moyo laini, alimwekea ukoko wa sufuria kila mchana. "Kula, baba, utuletee kombe," alimwambia. Mpishi huyo alikuwa na mwanawe katika timu hiyohiyo, kijana mdogo wa mwili, mwepesi, mwenye maneno mengi kuliko kilo. Walimwita Sisimizi. Kazi yake ilikuwa kuuchomoa mpira miguuni mwa wakubwa na kuwarushia wenzake kabla hajakanyagwa. Yeye na Tinga walikuwa chanda na pete. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Mwalimu wa michezo alikuwa na sheria moja ambayo hakuifanyia mzaha.

"Mkamate chini ya kiuno, mwangushe, mwachie," alisema. "Atakayemwinua mwenzake miguu juu, kichwa chini, akambwaga, hata awe mtoto wangu wa kumzaa, timu hii hachezi tena. Shingo haina spea."

Wavulana nao walikuwa na sheria yao, na hiyo mwalimu hakuijua. Nahodha ndiye aliyeianzisha. Likitokea jambo baya mazoezini, mtu akang'olewa jino au akakanyagwa mkono makusudi, nahodha alisema, "Nyasi!" na wote wakaitikia, "Hazisemi!" Maana yake, ya uwanjani yaishie uwanjani. Asiambiwe mwalimu, asiambiwe mzazi. Waliona huo ndio uanaume, na aliyekuwa na uchungu aliumeza akaenda nao nyumbani.

Jumatano ile jua lilikuwa kali na watu walikuwa na hasira za fainali. Tayari wawili walikuwa wameshatandikana ngumi kwa sababu ya kiatu. Mwalimu aliitwa ofisini, akamwachia nahodha filimbi. Timu ikagawanywa pande mbili, Tinga upande huu, Sisimizi upande ule.

Sisimizi aliupata mpira, akamwona Tinga anakuja. Akaonyesha anakwenda kushoto, akapita kulia. Tinga akakumbatia hewa. Watu wakacheka. Mara ya pili Sisimizi akampitia chini ya mkono. Mara ya tatu Tinga alijirusha kwa nguvu zake zote, akaanguka kifudifudi na kula vumbi.

"Tingatinga limeisha dizeli!" mmoja akapiga kelele.

"Lisukumeni!" akadakia mwingine.

Sisimizi naye, kwa mdomo wake usiokaa kimya, akasema, "Mleteeni maji, kakaangu kachoka."

Tinga alihisi masikio yanawaka. Akainuka. Nahodha alikuwa ameshapuliza filimbi na Sisimizi ameshauweka mpira chini, anatengeneza soksi yake. Tinga alimfikia kwa mbio, akamzoa mapajani, akamnyanyua juu hadi miguu ikaelekea mbinguni, kisha akamkita ardhini kwa kichwa kama mtu anayepigilia kigingi.

Kitu kililia, ko! 

Sisimizi alilala macho wazi, haonekani hata kupumua. Tinga alisimama juu yake, na hasira yote ikamtoka, ikabaki hofu tupu. Kisha Sisimizi akakohoa, akajivuta, akakaa. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Shingo ilikuwa imelala upande mmoja na hakuinyoosha.

"Niko sawa," alisema.

Mwalimu alionekana anarudi mbio. Nahodha akawageukia wenzake. "Jumamosi hatuendi bila Tinga. Nyasi!"

"Hazisemi!" wakaitikia. Sisimizi pia aliitikia, kwa sauti ndogo. Tinga peke yake hakuitikia.

"Kuna nini hapa?" mwalimu akauliza.

"Kajikwaa, mwalimu," alisema nahodha.

"Nimejikwaa," Sisimizi akasema. "Nimeangukia bega."

Mwalimu alimtazama, akatazama nyuso zile zote zilizogeuka mawe, akaamini. "Tinga, wewe mwenye nguvu, mpeleke zahanati. Taratibu."

Zahanati ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa shule. Njiani Tinga alianza kuomba radhi.

"Acha bwana," Sisimizi alisema. "Nimekutania sana. Wewe cheza tu Jumamosi."

"Unaumwa wapi?"

"Bega. Na vidole hivi vina ganzi, sijui kwa nini."

Tinga akampa chupa ya maji. Sisimizi akaipokea, na chupa ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akacheka, lakini machoni hakucheka. Tinga aliona vile vidole, vilevile vilivyokuwa vikichomoa mpira chini ya miguu ya watu, vimelegea kama nguo mbichi. Alijua yeye ndiye aliyevifanya vile, na alijua kwamba hakuna mtu mzima duniani aliyejua.

Tabibu wa zahanati alikuwa mzee mwenye haraka, na foleni ilikuwa ndefu. Alimkalisha Sisimizi kitandani.

"Ulianguka vipi?"

"Nilijikwaa, daktari. Nikaangukia bega."

"Kichwa hakikugonga chini?"

Sisimizi akamtupia Tinga jicho, kisha akajibu, "Hapana."

Tabibu akalibonyeza bega, akaguna. "Hakuna kilichovunjika. Nitakutundikia mkono kwa kitambaa, upumzike wiki moja. Hebu niione na shingo. Igeuze kushoto, halafu kulia, kwa nguvu, tuone kama imekaza."

Sisimizi akavuta pumzi. Tinga alimwona anauma meno, anajiandaa. Jumamosi ikampitia akilini: kombe, kelele za watu, jina lake. Akaiona na sura ya mwalimu akimwambia atoke. Akageuka, akaiona ile shingo.

"Asigeuze!" alipiga kelele mpaka mgonjwa wa nje akachungulia. "Daktari, asiigeuze! Hakujikwaa. Mimi ndiye niliyemwinua miguu juu nikambwaga kwa kichwa. Shingo ililia. Na vidole vina ganzi, hashiki kitu!"

Mzee yule haraka ilimwisha palepale. Akakishika kichwa cha Sisimizi kwa mikono yote miwili na kukituliza. "Usitikisike, mwanangu. Hata kidogo." Akamwita muuguzi kwa ukali, wakamlaza juu ya ubao, wakamfunga kola ya shingo, gari la wagonjwa likaitwa. Walipokuwa wakimtoa, Sisimizi alimtazama Tinga huku machozi yanamtiririka kuelekea masikioni.

"Umesema," alinong'ona. Haikujulikana kama alikuwa analaumu au anashukuru.

Hospitali ilipiga picha ya eksirei. Mfupa mmoja wa shingo ulikuwa na ufa. Daktari alimwambia mwalimu wa michezo kwamba kama kijana angeizungusha shingo ile kwa nguvu, huenda asingetembea tena maisha yake yote. Mwalimu alirudi shuleni usiku unaingia, akamkuta Tinga ameketi kwenye ngazi za darasa, anamsubiri.

"Umeokoa shingo uliyoivunja mwenyewe," alisema. "Sijui nikupige au nikupongeze. Lakini sheria ni sheria. Timu huna."

"Ndiyo, mwalimu," Tinga akajibu.

Kesho yake nahodha na wenzake walimvizia nyuma ya vyoo. Hawakumsalimia. Ngumi ya kwanza ilimpata tumboni, ya pili kwenye sikio.

"Umetuuza!" nahodha alifoka. "Msaliti! Kombe limekwenda kwa mdomo wako!"

Tinga aliyumba, kisha damu ikamchemka. Alimrukia nahodha, akamzoa mapajani, akamnyanyua juu. Miguu ya nahodha ikaning'inia hewani. Mikono ilijua la kufanya baada ya hapo, ilikuwa imeshafanya. Nahodha akalia, "Usinibwage! Usinibwage!" na sauti hiyo ilikuwa ya mtoto mdogo. Polepole Tinga akamteremsha, akamsimamisha kwa miguu yake, akamwachia.

Walimpiga tu. Mmoja alimchana mdomo, mwingine akamvimbisha jicho. Hakurudisha hata kofi. Mwishowe walichoka, maana kumpiga mtu asiyejibu kunaaibisha, wakaondoka bila kutazamana.

Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anaunganisha geti aliposikia lango likilia. Akavua miwani yake nyeusi.

"Umegongana na nini?"

"Wamenipiga, baba." Akamweleza yote, toka chenga za Sisimizi mpaka nyuma ya vyoo, bila kupamba.

Baba akazima mashine yake. "Kwanza nina hasira na wewe," alisema. "Kama yule mtoto angekufa, ningekutazamaje? Pili, kaa hapa nikukande hilo jicho." Akaleta maji ya moto na kitambaa, na mikono ile iliyozoea vyuma ikamkanda kwa upole uliomliza Tinga. Kisha baba akaenda shuleni, akazungumza na mwalimu mkuu na mwalimu wa michezo. Wavulana wakaitwa mmoja mmoja. Jambo likafumuka lote: meno, mikono iliyokanyagwa, kiapo chao cha nyasi. Nahodha alivuliwa unahodha, na walioshiriki kumpiga Tinga wakaungana naye nje ya timu.

Jumamosi shule iliingia uwanjani na wachezaji wa akiba, ikafungwa vibaya sana. Tinga alikuwa kando ya mstari, anabeba ndoo ya maji. Watazamaji walimzomea. Mmoja alimtupia ganda la ndizi likamgonga kifuani. Aliliokota, akalitupa kwenye pipa, akaendelea kuwapelekea wachezaji maji. Iliuma, tena iliuma kuliko ngumi zote, lakini alibaki mpaka filimbi ya mwisho.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja hospitali. Alijua atamkuta nani.

Mpishi wa shule alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mwanawe, na bakuli la uji na kijiko mapajani. Alipomwona Tinga mlangoni, aliliweka bakuli kando, akainuka. Kofi lilimfika Tinga kabla ya salamu. Wodi nzima ikageuka.

"Mama!" Sisimizi akasema ndani ya kola yake nyeupe.

"Nyamaza wewe, nawe ningekuzaba kama si shingo hiyo," mama akasema. "Ulimdanganya daktari. Kwa mdomo wako mwenyewe! Mficha maradhi kifo humuumbua, hukufundishwa?" Akachukua bakuli na kijiko, akampa Tinga. "Mlishe. Hawezi kuinama, na mimi mkono wangu bado una hasira."

Tinga akaketi. Akachota uji, akausogeza taratibu.

"Pole pole, tingatinga," Sisimizi akasema. "Hilo ni domo, si shimo la taka."

Tinga akacheka na kulia kwa pamoja. Akaweka kijiko chini. "Nisamehe. Nilikukuta umeshaweka mpira chini. Niliona, nikakubwaga hivyohivyo. Mama, naomba unisamehe."

Sisimizi alimnyooshea mkono. Vidole vilikuwa bado dhaifu, lakini vilishika. Mama yake alitazama ile mikono miwili juu ya shuka.

"Mimi sijakusamehe," alisema. "Nitakusamehe, nakujua, lakini si leo. Leo nakushukuru tu, na hayo ni mambo mawili, msiyachanganye. Ulimvunja mwanangu kwa hasira, ukaniachia mwanangu kwa kusema kweli. Sikilizeni nyote wawili. Kosa kila mtu hulifanya. Likisemwa mapema, hupata daktari. Likifichwa, hupata kaburi, na wanaolificha huitana marafiki. Rafiki wa kweli hasaidii kuficha kidonda cha mwenzake. Na nguvu, mwanangu, si za kumwonyesha aliye chini yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi chota uji, unapoa. Na kesho uje tena. Nataka nikuzoee upya."