Nafasi Thelathini na Mbili

Jumatatu ya pili ya Januari, mbele ya dirisha la rekodi la chuo kimoja cha jamii mjini Stockton, watu walikuwa wengi kuliko kanisani siku ya Krismasi, na waliokuwa wakisali walikuwa wengi vilevile. Rowena Dacanay alisimama katikati yao na sare yake ya zambarau ya nyumba ya wazee, nywele kazifunga kwa kalamu, akiangalia saa kila nusu dakika. Zamu yake ilikuwa inaanza saa nne.

"Dada, una namba ngapi?" aliuliza kijana aliyekuwa pembeni yake. Alivaa jaketi la bluu la duka la dawa na alinukia wali wa kukaanga na vitunguu saumu.

"Tisini na nne."

"Mimi sabini na moja. Tubadilishane."

Rowena alimtazama kama anayetazama dawa isiyo na lebo. "Kwa malipo gani?"

"Jina lako."

"Ghali mno."

"Nipe nusu basi."

"Ro."

"Na nusu nyingine?"

"Ngoja namba yako iitwe."

Walibadilishana. Kijana huyo, Elmer Tabios, alingoja saa moja na dakika arobaini, na wagonjwa wa mitaa mitatu aliokuwa akiwapelekea dawa majumbani walichelewa kupata zao za presha. Alipotoka alimkuta Rowena mlangoni na vikombe viwili vya kahawa, zamu yake imeshampita.

"Wena," alisema Rowena. "Nusu yako hiyo. Ulikuja kuomba nini hapa?"

"Uuguzi."

Kahawa ilisimama hewani. Waombaji walikuwa zaidi ya mia nne. Nafasi zilikuwa thelathini na mbili, na zilikwenda kwa pointi.

"Mimi pia," alisema Rowena. "Kwa hiyo wewe ni adui yangu."

Jina hilo la adui likabaki hapo hapo. Kuanzia siku ile simu zililia kila alfajiri.

"Adui, umeamka?"

"Nimeamka nikuangamize. Mifupa ya kifundo cha mkono mingapi?"

"Minane."

"Itaje."

"Nitaitaja nikiwa nimeushika mkono wenyewe."



"Jumapili," alisema Rowena. "Na uje na daftari, si midomo tu."

Alikuja na vyote viwili. Walikubaliana kupeleka maombi yao siku moja, mkono kwa mkono, Ijumaa ya mwisho ya Februari, kabla dirisha halijafungwa saa kumi jioni. Kitu kimoja tu kilikuwa bado. Rowena alikuwa amesoma miaka miwili Iloilo, Ufilipino, kabla hajahamia kwa mama yake mdogo, na bila maksi zile za anatomia na kemia hakuwa na pointi za kutosha hata kuchekwa. Kampuni moja ya San Francisco ilikuwa inazigeuza ziwe maksi za Kimarekani. Kazi hiyo ilichukua miezi mitatu, naye alikuwa ameiomba tangu Novemba.

Bahasha ilifika Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho, na mvua ilikuwa inanyesha kama imelipwa.

"Adui, niko zamu," Rowena alimpigia. "Ichukue kwa mama mdogo Perla, uniletee. Itunze kama yai."

Sasa ni lazima tuseme ukweli kuhusu ukoo wa Tabios. Mama yake Elmer aliamini kwamba karatasi isiyovikwa plastiki ni yatima. Cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, tuzo ya usafi ya darasa la kwanza: vyote vilipitishwa kwenye mashine ya laminesheni, vikatoka vinang'aa. Elmer alikulia katika imani hiyo. Basi alipoishika bahasha ya mpenzi wake chini ya mvua ile, moyo wake ulijaa huruma. Aliingia duka la fotokopi, akaomba mkasi, akaikata kwa heshima zote.

Rowena alitoka hadi kwenye maegesho ya nyumba ya wazee akikimbia na gazeti kichwani. Alipokea karatasi. Ilikuwa bado ya moto.

"Elmer." Lilikuwa jina lake halisi, na alilisikia. "Bahasha iko wapi?"

"Ile? Nimeitupa. Hii haitalowa hata ukioga nayo!"

"Juu yake paliandikwa nini?"

"Jina lako."

"Chini ya jina. Kwa wino mwekundu."

Elmer hakukumbuka wino mwekundu.

"'Ikifunguliwa na asiye wa chuo, si halali.' Kila mwombaji anajua. Nawe ni mwombaji."

"Weng," alisema Elmer, kwa jina la kubembeleza alilompa, "naapa kwa Mama Maria..."

"Mmoja akipungua, wewe unapanda ngazi moja."

"Unadhani mimi naweza..."

"Sidhani. Nahesabu."

Aliondoka bila gazeti.

Elmer alipiga simu kumi na saba. Alhamisi jioni akapiga ya mama mdogo Perla, ambaye aliiweka sauti kubwa juu ya meza, kando ya sufuria ya adobo, nyama ya siki na soya. "Zungumzeni, mimi sipo," alisema, akiwa pale pale na mwiko.

"Weng, kule San Francisco wanaweza kutoa nyingine siku hiyo hiyo, ila mwenyewe aende na kitambulisho. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa nje na gari. Usinisemeshe, ingia tu."

Rowena alikoroga adobo isiyohitaji kukorogwa. "Yako umeshapeleka?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Yako haipo."

Rowena alikata simu.

"Mjinga," alisema mama mdogo. "Lakini mjinga wa kufaa."

Ijumaa Rowena aliingia garini, akafunga mkanda. Kampuni iliwaweka hadi saa saba na nusu mchana, Rowena akitembea kutoka kiti hadi dirisha, dirisha hadi kiti. Wakati wa kurudi magari yalisimama darajani, na bahasha mpya ilikaa mapajani mwake, mikono miwili juu yake.

"Sema kitu," alinong'ona Elmer.

"Badili njia."

"Tuko darajani, Weng."

Dakika kumi zilipita, na gari lilisogea urefu wa mbuzi.

"Mama yako," alisema Rowena mwishowe, "amewahi kuvika plastiki kitu gani cha ajabu kuliko vyote?"

"Kadi ya chanjo ya mbwa."

"Mbwa mzima?"

"Alikufa nikiwa darasa la tatu."

Alijaribu kuficha kicheko ndani ya skafu, kikampita puani.

Walifika chuoni saa kumi kasoro dakika saba. Hapakuwa na nafasi hata ya baiskeli.

"Shuka ukimbie!"

"Na yako?"

"Nitaegesha, nije."

"Hutafika."

"Basi ifike yako."

Bahasha ya Elmer ililala kiti cha nyuma. Rowena aliitazama. Nafasi thelathini na mbili. Hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akainyakua, akakimbia, kalamu ikamdondoka nywele zikafumuka zote.

Bibi wa dirishani alishusha miwani. "Hii yako. Na hii?"

"Ya mwenzangu. Anaegesha gari."

"Twapokea kwa mwombaji mwenyewe au wa familia. Jaza hapo. Ukiandika uongo, maombi yote mawili yanafutwa."

Ilibaki dakika mbili. Penye neno "Uhusiano" Rowena aliinua kalamu ya kuazima, akaishusha, akaandika. Mhuri ulipigwa mara mbili.

Elmer aliingia anahema, kalowa hadi soksi. "Wamepokea?"

"Zote mbili."

"Umewaambia mimi nani?"

Alimpa nakala ya fomu. Elmer alisoma neno lile moja, akarudia kulisoma. *Mchumba.*

"Weng, hii ni kweli?"

"Sijui. Hujaniuliza. Na isipokuwa kweli, tumefutwa wote."

"Na ikitoka nafasi moja tu?"

"Mmoja atasoma. Mwingine atapika na kunung'unika."

"Mimi nanung'unika vizuri sana," alisema Elmer, na magoti yake yakashuka yenyewe kwenye sakafu yenye matope.

"Muulize kwa jina kamili, kijana," alisema bibi, mkono ukiwa kwenye pazia la chuma. "Kama lilivyo kwenye fomu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika moja. Pazia halikushuka.